Mwili Hujibu Swali Lililoulizwa

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanachuo mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti,

Nimeombwa nizungumzie utimamu wa mwili na mazoezi katika somo la michezo. Nitaanza na mchakamchaka, maana sidhani kama humu ukumbini yuko aliyesoma shule ya msingi nchini hapa bila kuukimbia.

Mnaukumbuka. Jua halijachomoza sawasawa, umande uko kwenye nyasi, kiranja ametangulia, mwenye sauti anaanzisha wimbo na sisi tunaitikia kwa kishindo cha miguu. Rika langu tulikimbia tukimwimba Idi Amin wakati wa vita vya Kagera, na vita vilipokwisha tukaendelea kumwimba miaka mingine mingi. Shuleni kwetu tulikwenda hadi kwenye mwembe wa barabara kuu, tukauzunguka, tukarudi. Nilipokuwa darasa la tatu tulikwenda hadi kwenye mwembe. Nilipokuwa darasa la saba tulikwenda hadi kwenye mwembe. Nadhani hata leo wanakwenda hadi kwenye mwembe, kama haujakatwa kupisha lami.

Mhadhara wangu wote uko pale kwenye ule mwembe.

Mtoto asiyezoea kukimbia anapoanza mchakamchaka, wiki ya kwanza huhema kama mbwa aliyefukuza pikipiki. Baada ya wiki kadhaa anakwenda huku akiimba. Katikati hapo moyo wake umejifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo haulazimiki kudunda mara nyingi kama mwanzo. Mishipa midogo ya damu imeongezeka ndani ya misuli ya miguu. Na ndani ya seli za misuli hiyo, zile karakana ndogo zinazotumia oksijeni kutoa nishati, mitokondria, zimezidi wingi. Ndiyo sababu moyo wa mtu mzima wa kawaida, akiwa amepumzika, hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na mkimbiaji aliyekomaa wa mbio ndefu unaweza kumkuta kwenye arobaini na kitu akiwa mzima kabisa.

Mwili ukishafika hapo, mwembe umemaliza kazi yake. Mwili ni bahili, haujengi chumba kama hakuna mgeni wa kulala. Ukiongeza umbali, au kasi, au ukipunguza mapumziko, umeuliza swali jipya na mwili utatafuta jibu jipya. Usipoongeza kitu, mtoto atafika darasa la saba akiwa na pumzi ya kumtosha kufika mwembeni.

Jambo hili watu walilijua zamani. Wagiriki walisimulia habari za Milo wa Croton, mwanamieleka aliyembeba ndama kila siku, ndama akakua na Milo naye akazidi nguvu hadi akawa anabeba fahali. Ni hadithi, msiipeleke maabara. Lakini katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari waliovunjika miguu kwa njia iyo hiyo. Badala ya kuwapa mazoezi mepesi yasiyobadilika, aliwanyanyulisha uzito uliopimwa na kuongezwa kidogo kidogo kadiri walivyopata nguvu, na misuli yao ikarudi upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mbinu za kujenga nguvu zinazofuatwa leo zinamdai sana daktari huyo.

Sasa, vitabu vya ualimu hugawa utimamu wa mwili mafungu mawili. Fungu la afya lina ustahimilivu wa moyo na mapafu, ambao mtaani tunauita pumzi. Nguvu za misuli. Ustahimilivu wa misuli, yaani kuirudia kazi ileile bila kuchoka mapema. Unyumbufu wa viungo. Na muundo wa mwili, yaani mafuta ni kiasi gani ukilinganisha na misuli na mifupa. Fungu la ustadi lina kasi, wepesi wa kugeuka, mizani, uratibu wa macho na viungo, nguvu ya mlipuko kama ile ya kuruka juu, na uharaka wa kuitikia. Jumla kumi na moja. Nimewasomea mbiombio kwa kuwa mliifanyia mtihani. Swali langu ni moja: mwembe unaupima mwili katika mangapi kati ya hayo kumi na moja? Nikiwa mkarimu sana, mawili.

Hapa inabidi niungame. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaza alama za michezo za darasa la sita kwa kufuata mchakamchaka. Aliyetangulia kurudi nilimpa za juu, aliyechelewa za chini. Kazi ya dakika kumi. Msichana mmoja alishika mkia. Wiki hiyohiyo, wakati wa mapumziko, nilipita na kikombe changu cha chai nikawakuta wasichana wanacheza rede, ambayo wengine mnaiita nage. Wawili wamesimama huku na huku wanarusha mpira, mmoja yuko katikati, anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Aliyekuwa katikati ni yule wa mkia. Hawakumpata. Alikuwa akiliangalia bega la mrushaji, na mpira ulipotoka mkononi yeye alikuwa ameshaondoka, ameinama, amejaza konzi ya mchanga, amegeuka kumngoja wa pili. Chai yangu ilipoa. Wepesi, mizani, uratibu, uharaka wa kuitikia, vyote hivyo vilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimempima pumzi peke yake nikaiita michezo.

Alama zile sikuzibadilisha, ripoti zilikuwa zimeshapigwa muhuri. Nalisema hili leo kwa kuwa nimestaafu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama michezo ya watoto kama mtu anayepekua ghala la babu yake. Mdako ni uratibu wa mkono na jicho. Kokoto moja iko hewani, nyingine zinatolewa shimoni, na ile ya juu lazima idakwe. Kuruka kamba, wawili wakizungusha na mmoja akingoja kuingia, ni mdundo, uharaka na nguvu za nyonga na mashavu ya miguu, na mifupa ya mtoto anayekua hupenda sana mishtuko midogo ya namna hiyo, kwani ndiyo inayoiambia izidi ugumu. Kuvuta kamba ni nguvu tupu. Kombolela ni kasi ya hatua ishirini, kisha kujibanza kimya, kisha kasi tena, na nitawaonyesha baadaye kidogo kwamba makocha wa Ulaya walipata sifa kwa kugundua jambo linalokaribiana na hilo.

Lakini kwanza tupite kisimani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy, mwanasayansi wa Kenya, na wenzake, waliopima oksijeni inayotumiwa na wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanapotembea na mizigo. Waligundua kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nishati zaidi ya anayotumia akitembea mikono mitupu. Askari wanaojifunza kazi, wakibeba uzito wa kiwango hicho mgongoni, hutumia takribani asilimia 13 zaidi. Baadaye ilieleweka kwamba siri iko kwenye mwendo wenyewe. Tukitembea, mwili hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, na sehemu ya nishati ya hatua iliyopita hutumika kwenye hatua inayofuata. Wale akina mama wakitwishwa huibana hasara ya mbembeo huo, wengine huipoteza nishati vilevile.

Sisemi mabinti waachishwe shule wapelekwe kisimani. Wanakwenda vya kutosha. Nasema hivi: akina mama wale hawakuupata uwezo huo kwa kukimbia hadi mwembeni. Waliupata kwa kubeba, tangu wadogo, ndoo ndogo kwanza na kubwa baadaye. Mwili ulipewa swali mahususi ukatoa jibu mahususi. Ndivyo ilivyo kwa kila kipengele cha utimamu. Anayeogelea hujenga pumzi ya kuogelea, na sehemu yake tu humfaa akikimbia. Anayenyanyua vyuma hawi mwepesi wa kugeuka kwa sababu hiyo. Na mwenye kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti amefika hapo kwa kunyoosha, hakuna njia ya mkato. Nakiri kuwa vyoo vyetu vya kuchuchumaa vimewasaidia wengi wetu kuhifadhi unyumbufu wa nyonga na vifundo hadi uzeeni, na tangu vije vya kukalia najionea mwenyewe tofauti kwenye magoti yangu.

Mzazi mmoja aliniuliza pale mlangoni, kabla hatujaanza, kwa nini mtoto wake asumbuliwe na haya wakati anataka awe mhasibu. Namjibu kwa habari ya mabasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, na matokeo yakachapishwa mwaka 1953. Dereva na konda walifanya kazi kwenye basi lilelile, saa zilezile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, na konda alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Makonda waliugua maradhi ya mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva, na walioshikwa, wachache zaidi walikufa mapema. Kinachonifurahisha ni kwamba Morris hakuridhika na jibu lake mwenyewe. Alirudi akakagua daftari za sare za kampuni na kukuta kuwa suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makonda hata kwa vijana walioanza kazi karibuni. Basi huenda wanene walichagua usukani tangu mwanzo. Lakini ushahidi ulikuwepo pia kwa watu wengine, miongoni mwao watumishi wa posta, na hapo napo waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa salama kuliko waliokaa ofisini. (Konda wa daladala anayening'inia mlangoni kutwa bado anangoja mtafiti wake.)

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya aheme, na mara tatu kwa wiki ziwemo zinazojenga misuli na mifupa. Mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi walipofungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, walikutwa na wastani wa dakika 135 kwa siku. Tunazungumzia siku, si wiki. Na kabla hamjadhani hawapumziki, utafiti mwingine ulionyesha hupumzika karibu saa kumi wakiwa macho, karibu sawa na watu wa mijini. Ila mara nyingi hupumzika wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kabisa. Mhasibu wetu atapumzika kwenye kiti cha ofisini mbele ya kompyuta, akitoka hapo anaingia kwenye gari.

Turudi kwa makocha wa Ulaya. Katika miaka ya 1930 kocha wa Sweden, Gösta Holmér, aliwapeleka wakimbiaji wake msituni wakimbie kwa kubadilisha kasi, mbio hadi mti ule, polepole hadi kilimani, mbio tena. Aliuita mchezo huo fatileki, yaani mchezo wa kasi. Kila Alhamisi asubuhi huko Iten, Kenya, juu kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, makundi makubwa ya wakimbiaji huifanya fatileki hiyohiyo kwenye barabara za vumbi, dakika ya mbio na dakika ya kupoa, na humo wamepita mabingwa wa dunia. Wajerumani nao, kocha Gerschler na daktari Reindell, waliifanya iwe ya saa na mapigo ya moyo: unakimbia umbali mfupi kwa kasi, unapumzika hadi mapigo yashuke, unarudia. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mwaka 1939, na rekodi hiyo ilidumu miaka 16.

Na sisi tuna wetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Nyuzilandi, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika fainali ya mita 1,500, akabaki mbele hadi utepe, dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado hakumfikia. Naleta habari hii kwa sababu watu husema Bayi alizaliwa na pumzi. Pumzi pekee ingemsaidia nini, kwa namna ile ya kukimbia? Kuongoza tangu mwanzo kwa kasi ya kuwakatisha tamaa wengine, kisha kubaki na kitu kwenye mita mia za mwisho, kunadai kasi na ustahimilivu kwa pamoja, na hivyo viwili havikai nyumba moja bila kufundishwa.

Sasa nigusie jambo linaloniudhi. Tunawapa watoto mazoezi kama adhabu. Aliyechelewa namba apige pushapu ishirini. Aliyeongea Kiswahili kipindi cha Kiingereza aruke kichura hadi bendera. Nimeyafanya mwenyewe, na nilifanyiwa. Kichura ni zoezi zuri la nguvu ya mlipuko ya mapaja. Mwanariadha wa kuruka umbali hulifanya mara nane, akapumzika, akarudia. Mtoto akirushwa kichura mara mia bila maandalizi, kesho yake hawezi kushuka ngazi. Maumivu hayo ya siku ya pili watu huyaita asidi. Sivyo. Laktiki huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa misuli inapolazimika kujizuia huku inarefuka, kama unapotua chini au kuteremka mlima. Zikipewa siku mbili tatu zinaungwa na kuwa imara kuliko mwanzo, maana mwili hujengeka tunapopumzika. Ukimrusha tena mtoto kesho yake, unabomoa ukuta ambao saruji yake haijakauka. Na zaidi ya misuli, mtoto huyo ameshajifunza kwamba pushapu ni deni la mkosaji. Akiwa na miaka arobaini, daktari akimwambia afanye mazoezi, atasikia sauti ya mwalimu wa zamu.

Mtaniambia: mwalimu, darasa lina watoto 80, kipindi dakika 40, mpira mmoja nao umepasuka. Nimefundisha katika hali hiyo. Mwaka 1953 Waingereza wawili, Morgan na Adamson, wa Chuo Kikuu cha Leeds, walikuwa na shida inayofanana na yetu, watu wengi na nafasi ndogo, wakabuni mazoezi ya vituo. Wagawe 80 katika vituo vinane, kumi kila kituo, dakika moja ya kazi na moja ya kuhama. Kimoja wanapanda na kushuka ngazi ya baraza. Kingine wanaruka kamba. Kingine wanabeba madumu ya lita tano yenye maji, mawili mawili, hadi mnazini na kurudi. Pushapu, na anayeanza aweke magoti chini. Kukimbia kwa kupinda kati ya mawe sita. Kusimama mguu mmoja juu ya tofali, na wakizoea wafumbe macho, mtaona vituko. Kurusha mpira wa makaratasi ukutani na kuudaka. Kunyoosha viungo kivulini, maana lazima wapate pa kupumulia. Hizo ni dakika 16. Dakika nane za mwanzo ni za kupasha mwili moto, na msianze kwa kunyoosha misuli ikiwa baridi, waacheni wakimbie kidogo kwanza. Zinazobaki ni za rede, na za kupoza mwili. Wiki ya tatu ongezeni sekunde, au maji, au jiwe la saba. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu na aanze polepole, asiachwe akae chini ya mti akishika mashati ya wenzake.

Kisha pimeni, ila kwa kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alichapisha kipimo ambacho hakihitaji chochote ila saa: mtu anakwenda umbali gani kwa dakika 12. Zungusheni uwanja wa mpira, hesabuni mizunguko, andikeni kwenye daftari, rudieni baada ya wiki nane. Yule msichana wa rede nilimpima hivyo mwaka uliofuata. Mara ya kwanza alipata mizunguko minne na nusu, mara ya pili mitano na robo. Kwa darasa zima alikuwa bado karibu na mkia, na safari hii namba niliyoandika kwenye ripoti yake ilikuwa ile robo tatu aliyoiongeza.

Kipimo kingine ni cha ngazi. Unapanda na kushuka kwa mdundo usiobadilika kwa dakika tatu, unakaa, unahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Kadiri unavyopata utimamu, hesabu hushuka. Asubuhi nilipima ngazi ya baraza la ukumbi huu, ina sentimita 31, inafaa. Nitagonga meza hii kutoa mdundo, mara 24 kupanda na kushuka kwa dakika. Wenye kanzu, magauni marefu na viatu vya visigino wahesabie wenzao. Wengine tutoke nje, kumi kumi, kuanzia safu ya mbele, na mheshimiwa mgeni rasmi naye nimeshamwombea ruhusa.